Gari la Jeneza na Bolti ya Nusu Inchi

Ilikuwa siku ya Alhamisi, baada ya swala ya Alasiri, tulipotoka msikitini na jeneza la mama mmoja wa mtaa wetu, Allah amrehemu. Njia ya makaburini kwetu si ndefu, lakini ni mbaya: huteremka korongoni, huvuka mawe ambayo mvua za masika huyafukua kila mwaka, kisha hupanda kilima cha udongo mwekundu. Gari lilipofika katikati ya korongo ulisikika mlio wa chuma kugonga chuma, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha sauti ya kitu kinachosaga mpira wa tairi. Dereva akasimama. Vijana sita waliokuwa nyuma, wakiwamo wana wawili wa marehemu, walikuwa wamelikumbatia jeneza kwa mikono yao lisiteleze.

Tulipoinama kutazama chini ya gari tuliikuta shokapu ya mbele, upande wa kushoto, imelalia tairi. Haikuwa imetimiza wiki tatu tangu ifungwe. Bolti iliyoishika juu ilikuwa imepinda kama ndoana na kuchomoka kwenye sikio moja la chuma. Nati yake hatukuiona hata baada ya kuitafuta. Jeneza likateremshwa na kubebwa mabegani hadi makaburini, jambo ambalo kwa hakika ndilo lenye asili, na maziko yakakamilika kabla jua halijaanza kuzama, wakati ambao haipendezi kukusudia kuzika. Alhamdulillah, hakuna aliyeumia. Lakini kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa, mwana mkubwa wa marehemu alitujia, akatusalimia kwa adabu, akauliza swali moja tu: "Ustadhi, ile bolti aliinunua nani?"

Tuliinunua sisi.

Na tunaposema sisi, hatujifichi nyuma ya kamati. Katibu ndiye aliyetumwa dukani, ndiye aliyeyakubali maneno ya muuzaji, na ndiye aliyerudi na chenji akaikabidhi kwa mweka hazina huku akijiona amefanya uangalifu wa mali ya msikiti. Makala hii tumeiandika kwa sababu ndugu kadhaa wametuuliza ilikuwaje shokapu mpya kabisa ikafunguka njiani, na kwa sababu tunajua majumbani mwa Waislamu wengi kuna gari la zamani lililoachwa na baba au babu, ambalo watoto hawataki kuliuza na hawajui namna ya kulitunza.

Gari letu ni Land Rover ya mlolongo wa tatu, lile refu ambalo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma lina inchi 109, yaani karibu sentimita 277. Magari ya mlolongo huo yalitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, yakirithi umbo la Land Rover ya kwanza iliyoonyeshwa mjini Amsterdam mwaka 1948. Mwenye nalo, mzee aliyekwishatangulia mbele ya haki, aliliweka wakfu kwa mambo mawili: kubeba maiti wa Kiislamu bila malipo, na kuchota maji ya madrasa. Alitamka hivyo mbele ya mashahidi, na karatasi yake ipo. Mara mbili imeletwa hoja kwenye kikao kwamba liuzwe, inunuliwe pikapu ya kisasa. Mara mbili imamu ameuliza kama gari limeshindwa kazi lililowekewa, na mara mbili jibu limekuwa hapana. Linawaka. Linapanda kilima. Nyama yake, kama wanavyosema mafundi, bado ni nzima.

Kilichochoka kilikuwa shokapu. Msomaji asiye na gari huenda akadhani shokapu ndiyo inayobeba uzito. Sivyo. Uzito hubebwa na springi, ambazo kwenye gari letu ni mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Tabia ya springi ni kwamba ikipokea pigo haiachi hapo. Hulirudisha, kisha hulipokea tena, kisha hulirudisha, na gari likaendelea kurukaruka hata baada ya jiwe kupitwa. Shokapu ni silinda yenye mafuta, na ndani yake kuna pistoni inayoyalazimisha mafuta yale kupenya vitundu vidogo. Kupenya kule ndiko kunakoitafuna nguvu ya springi na kuigeuza joto. Mafuta yakivuja, pistoni hutembea bure, na gari hucheza kama mtumbwi. Kwa abiria huo ni usumbufu. Kwa jeneza ni kuvunjiwa heshima, kwani heshima ya maiti wa Kiislamu haikatiki kwa kukata roho.

Akina mama wa msikiti ndio waliolivalia njuga jambo hili. Walichanga kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, fedha za maandazi na za ushonaji, wakatukabidhi bahasha. Zilitosha shokapu nne, si zile zinazotolewa kwa jina la kiwanda cha gari, bali za kiwanda kingine kinachotengeneza shokapu za magari mengi. Hatuoni aibu katika hilo. Shokapu hizo ni nzuri, na mpaka leo tunapoandika hazijavuja hata tone. Tatizo halikuwa shokapu. Tatizo lilikuwa vile vinavyoishika: bolti, nati, washa, bushi za mpira, na ile pini nyembamba ya miguu miwili, kotapini, ambayo hupitishwa tunduni kisha ncha zake zikapanuliwa ili kitu kisichomoke.

Hapa inafaa tueleze, kwa sababu ndipo wengi wanapoanguka. Kiwanda kinachohudumia magari ya aina nyingi hutumia silinda ileile kwa magari kadhaa, na kinachobadilika ni miisho yake. Shokapu nyingine huishia kwa jicho, yaani pete ya chuma yenye mpira na bomba dogo katikati. Nyingine huishia kwa mti wenye nyuzi za kuzungusha nati, ambazo mafundi huziita hesi. Hata gari la jina moja linaweza kubadilika njiani: Volkswagen Beetle za awali zilikuwa na jicho juu na chini kwenye shokapu za mbele, lakini ulipobadilishwa muundo wa mbele kwa magari ya mwaka 1966, shokapu ikawa na mti juu na jicho chini. Atakayeingia dukani na kusema tu "nataka ya Volkswagen ya zamani" ameacha nusu ya habari nyumbani. Peugeot 504 nayo, ambayo wazee wetu wengi wanaikumbuka kwa safari za mikoani, mbele shokapu yake imefichwa ndani ya mhimili wa springi, kwa hiyo habari yake ni nyingine kabisa.

Kwenye Land Rover letu, shokapu ya mbele ina jicho juu na jicho chini. La juu hukaa kati ya masikio mawili ya chuma yaliyochomelewa kwenye chesisi, na bolti hupita sikio la kwanza, ikapita ndani ya jicho, ikatokea sikio la pili na kufungwa nati. La chini huvikwa kwenye kigingi kilicho kwenye bamba la springi. Hapo hakuna nati, kuna washa pana na kotapini. Mpangilio rahisi, nao umedumu miaka zaidi ya arobaini.

Tulipofungua pakiti za shokapu mpya hatukukuta bolti hata moja. Tulikuta shokapu, na kikaratasi chenye michoro. Bomba la katikati ya jicho la juu lilikuwa na tundu la milimita 12. Bolti ya zamani, iliyofunguliwa siku hiyohiyo, ilikataa kuingia. Tukaichukua shokapu moja tukaenda nayo dukani. Muuzaji akatafuta kwenye kopo, akatoa bolti, akaipitisha kwenye bomba, ikapita kwa ulaini. "Hii inaingia," akasema. Nasi tukafurahi. Ilikuwa rahisi, na hatukutazama kichwa chake, hatukuuliza ugumu wake, hatukupima masikio ya gari, hatukufikiria nati. Fundi naye, kijana mwenye bidii ambaye hatumlaumu zaidi ya tunavyojilaumu, aliona nati ya zamani ingali nzima, akaijaribu kwenye bolti mpya, nayo ikaingia. Basi, kila kitu kiliingia.

Baada ya tukio la korongoni tulilipeleka gari kwa fundi mzee ambaye ameyashika magari ya aina hii tangu ujana wake. Hakulaza gari juu ya jeki na kuanza kufungua. Aliomba kiti, akaiomba ile bolti iliyopinda, akaitia kwenye kipimio chake, akacheka kidogo, kisha akatuita tusogee.

"Katibu, tundu la masikio ya gari lako ni la nusu inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Bolti yako ni ya 12. Hiyo pointi saba mnaiona ndogo?"

Tulikiri kwamba tuliiona ndogo.

"Kwa mlango wa kabati ni ndogo. Kwa kitu kinachopigwa kila jiwe, hiyo ni nyundo. Kila pigo bolti inasafiri, inagonga ukuta wa tundu, inarudi."

Kisha akatuonyesha jambo ambalo hatukuwahi kulisikia, na ambalo tunaamini limewadanganya wengi. Bolti ya inchi, ya aina iliyo kwenye gari letu, ina hesi 20 katika kila inchi ya urefu. Ukigawanya, kila hesi imeachana na mwenzake kwa milimita 1.27. Bolti ya milimita 12 ya hesi nyembamba huachana kwa milimita 1.25. Tofauti hiyo jicho haliioni wala mkono hauihisi katika mizunguko michache. Kwa hiyo nati ya nusu inchi huingia kwenye bolti ya milimita 12, huzunguka, na hufika mwisho kana kwamba ni mwenzake wa ndoa. Lakini kwa kuwa bolti ni nyembamba kuliko tundu la nati, meno yao yanagusana kwenye ncha tu. Spana ikikaza, yanashikana. Mtikisiko ukija, ncha zinalika, na siku moja nati inaanguka barabarani. Nati ikishaanguka bolti huanza kutembea, huchomoka kwenye sikio moja, na uzito ambao ulikuwa umegawanywa kwa masikio mawili ukabaki juu ya moja. Chuma kilichoshikwa upande mmoja tu hupinda. Ndivyo ilivyokuwa ndoana ile.

Hatukuwa tumemaliza kuona aibu. Mzee akageuza kichwa cha bolti. Kilikuwa kitupu, hakina alama. Bolti ya milimita iliyotengenezwa kwa kazi nzito huandikwa namba kichwani, kwa mfano 8.8: namba ya kwanza huonyesha kwamba chuma hukatika kwa mvuto wa nyutoni 800 hivi kwa kila milimita ya mraba, na ya pili kwamba huanza kunyooka bila kurudi kikifika asilimia 80 ya hapo. Bolti za inchi za Kimarekani huwekewa mistari: mitatu kwa daraja la tano, sita kwa daraja la nane ambalo ni gumu zaidi. Alama inaweza kughushiwa, hilo tunalijua, lakini kichwa kitupu hakijaahidi chochote. Isitoshe, bolti ile ilikuwa na hesi kuanzia kichwani hadi mwisho, kwa hiyo ndani ya masikio kilichokaa hakikuwa chuma laini cha mviringo bali meno, na meno yale yalifanya kazi ya tupa. Masikio ambayo miaka yote yalikuwa na tundu la duara, sasa yalikuwa na tundu la yai.

Chini ya gari aliona jingine. Palipotakiwa kotapini palikuwa na msumari wa mbao uliokunjwa.

Msumari! Hilo hatukulijua, na tulipomuuliza fundi wa kwanza alisema kotapini ilikatika wakati wa kufungua, na saa ya Magharibi ilikuwa imeingia, maduka yamefungwa. Tunamwamini. Lakini hakutuambia, nasi hatukulala chini kukagua.

Tulirudi kwa muuzaji tukiwa na ndoana yetu mkononi. Katika chuo tulisomeshwa mlango wa biashara, na tulikwenda na hoja iliyopangwa: mnunuzi akigundua kasoro iliyofichika katika alichonunua, sheria imempa hiari ya kukirudisha. Muuzaji alitusikiliza, kisha akasema, "Mlinunua bolti ya milimita 12, na nikawapa bolti ya milimita 12. Mliniambia ni ya gari la maiti? Mliniambia ni ya shokapu?" Tukanyamaza. Kasoro iliyofichika ni ile iliyo ndani ya kitu chenyewe, na bolti ile ilikuwa ndivyo ilivyokuwa: laini, nyepesi, isiyo na alama, ya kufungia mabati. Tungesema ni ya nini, naye akatupa ileile, hapo tungekuwa na neno. Ni kweli kwamba muuzaji mwenye kuona shokapu mkononi mwa mteja angeweza kunasihi, na kunasihiana ni katika dini. Lakini haki ya kudai ni jambo moja na matarajio ya wema ni jambo jingine, na mwenye kusimamia mali ya wakfu hawezi kuegemea matarajio.

Lililobaki lilikuwa ni nani alipe. Msimamizi wa wakfu ni mwaminifu. Halipi kinachoharibika mkononi mwake ila akizembea. Kamati ilikuwa na huruma, na mweka hazina alitaka gharama zote ziingizwe kwenye matengenezo ya kawaida. Tulikataa. Kununua bila kupima ni uzembe, hata kama nia ilikuwa kuokoa shilingi. Gharama ya kurekebisha masikio tuliitoa mfukoni mwetu, na jamaa walitangaziwa hivyo siku ya Ijumaa.

Marekebisho yenyewe yalichukua siku mbili, na nusu ya muda huo ulikwenda kwenye kupima. Mzee alituandikisha vipimo kwenye karatasi kabla hajagusa spana: nafasi kati ya masikio mawili, upana wa jicho, tundu la bomba, unene wa kigingi cha chini, mahali pa tundu la kotapini. Kisha akapima urefu. Gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake, alipima kutoka mahali pa juu pa kufungia hadi pa chini. Akaliinua kwa chesisi mpaka ekseli ikaning'inia, akapima tena. Akahesabu pia umbali utakaobaki ekseli ikipanda hadi kugusa mpira wa kuzuia. Shokapu iliyofungwa kabisa lazima iwe fupi kuliko umbali huo wa mwisho. Ikiwa ndefu, siku gari likibonyea sana shokapu ndiyo itakayogeuka kizuizi, na pigo lote litashukia bolti. Za kwetu zilikuwa sawa kwa urefu. Katika hilo muuzaji wa shokapu alisema kweli.

Jicho la shokapu lilikuwa jembamba kuliko nafasi ya kati ya masikio. Fundi wa kwanza alijaza pengo kwa washa nne, mbili kila upande, nazo zilikuwa zimetawanyika kama sarafu. Mzee alitutuma Gerezani, Dar es Salaam, kwa mafundi wa kukereza vyuma, tukiwa na karatasi yenye vipimo na shokapu zenyewe. Mkerezaji alifanya mambo mawili. Kwanza alilipanua bomba la jicho kutoka milimita 12 hadi likaipokea bolti ya nusu inchi bila kuchezacheza. Ukuta wa bomba ulikuwa mnene wa kutosha, vinginevyo angetengeneza bomba jipya. Pili alikereza pete nene za chuma, mbili kwa kila jicho, zilizokaa kamili kwenye pengo, ili masikio yakikazwa yalibane bomba la katikati na si mpira. Mpira ukibanwa na bolti hauwezi tena kujipinda na kurudi, nao hufa upesi.

Bolti ya nusu inchi tuliipata duka la tatu. Katika duka la pili kijana alikuwa nayo, tena yenye mistari kichwani, lakini alipoona karatasi yetu aliipima kwa rula, akairudisha koponi. "Sehemu yake isiyo na hesi ni fupi, Sheikh. Itafika sikio la kwanza tu. Kwa kazi hiyo sikuuzii." Alipoteza mauzo, akatuelekeza kwa jirani yake. Jirani alikuwa nayo ndefu: sehemu laini inapita masikio yote mawili, hesi zinaanzia nje, na nati ikikazwa zinachungulia hesi mbili au tatu. Tulichukua na nati mpya zenye pete ya plastiki ndani, inayozizuia zisilegee. Nati hizo zikishafunguliwa mara kadhaa pete hiyo huchoka, kwa hiyo ya zamani hairudishwi kwa sababu tu inaonekana nzima. Bei ya bolti mbili na nati zake ilizidi ya kwanza kwa kiasi kisichofika sahani mbili za pilau.

Masikio yenye matundu ya yai yalijazwa kwa kuchomelea vipande vya bamba nene, kisha yakatobolewa upya. Mzee hakuruhusu moto uwashwe mpaka shokapu zimetolewa na kuwekwa mbali, mpira wa breki umefunguliwa, betri imetenganishwa na tangi la mafuta limeangaliwa. Shokapu haichomelewi kamwe, wala haipashwi moto. Ndani yake kuna mafuta na mara nyingine gesi yenye mgandamizo. Kadhalika, hakuna mtu aliyeingia chini ya gari likiwa juu ya jeki peke yake. Magurudumu yalizibwa kwa mawe, na chesisi ikakalishwa juu ya stendi za chuma. Tunalitaja hili kwa sababu tumewaona vijana majumbani wakilala chini ya gari la baba yao lililoegemea jeki na tofali.

Bushi za chini zilivishwa kwa maji ya sabuni. Kijana mmoja alikuja na kopo la grisi, mzee akamzuia mkono: mafuta hula mpira. Washa mpya ni pana kuliko mpira wenyewe, usije ukachungulia na kutoka, na kila kigingi kina kotapini yake, ncha zimepanuliwa pande mbili. Halafu mzee akafanya jambo lililotushangaza. Nati za juu alizizungusha kwa mkono tu, akateremsha gari chini, akawaambia vijana wanne wapande na kuruka nyuma, kisha wakae watulie. Ndipo akaingia na spana kukaza. Akasema ukikaza gari likiwa linaning'inia, mpira wa jicho unashikwa katika hali ya kunyooka, na gari likishuka utakuwa umejipinda siku zote, hata likiwa limeegeshwa.

Mwana mkubwa wa marehemu alikuwapo siku zote mbili. Hatukumwita. Siku ya kwanza alisimama mbali. Siku ya pili alishika tochi, na mzee alipohitaji mtu wa kupanda nyuma na kuruka alikuwa wa kwanza kupanda. Tulipomwomba radhi alisema mama yake angecheka, kwani maisha yake yote hakupanda gari bila kulalamika kwamba linarusha.

Kabla ya kulirudisha kwenye kazi tulilipakia viroba vya mchanga, uzito wa jeneza na watu sita kwa kukisia, tukalipeleka korongoni mara tatu, kwenda na kurudi. Dereva alishuka kila mara akashika nati kwa spana. Ya nyuma upande wa kulia ilikubali robo mzunguko. Nyingine hazikusogea.

Wiki mbili baadaye tulimbeba mzee mmoja wa safu ya kwanza, Allah amsamehe. Dereva alipofika kwenye mawe alipunguza mwendo ingawa hakulazimika, na nyuma hakuna aliyenyoosha mkono kushika jeneza.

Karatasi ya vipimo tumeinakili kwa wino, kwa sababu katibu ajaye hatakuwa amesimama korongoni siku ile. Imeandikwa nafasi ya masikio, upana wa pete, urefu wa bolti na wa sehemu yake laini, hesi 20 kwa inchi, na tarehe ya kukazwa tena. Chini yake kuna kopo la maziwa lenye bolti moja ya akiba, nati mbili na kotapini sita. Vyote vimo kwenye kabati la sanda, mlango wa kushoto, na ufunguo uko kwa muadhini.